Ukitaka paka aache kukung'ata, usivute mkono

Kashata tulimwokota soko la samaki hapa Mtwara, msimu wa korosho ndio umeanza. Alienea kwenye kiganja, kwa kumkadiria wiki 5 hivi, na mama yake hajulikani alipo. Kumbe tatizo lilianzia hapo. Kitoto cha paka kinachokaa na ndugu zake hadi wiki 8 na kuendelea hufunzwa na wenzake: akizidisha kung'ata, mwenzake analia na mchezo unakufa. Kashata alikosa hayo, akajifunzia kwenye vidole vyetu.

Na sisi tukamsaidia. Mwanangu alikuwa anamtikisia vidole chini ya shuka, tunacheka wote. Alipofika miezi 4, meno makubwa yanaota, hakucheka mtu.

Nilimzaba kofi mara mbili. Nilichovuna ni paka anayenikimbia mchana na kunivizia usiku nyuma ya mlango. Napita na ndoo ya maji, huyo kwenye kifundo cha mguu.

Dawa ilikuwa kutulia. Mkono unaovutwa, kwake ni panya anayekimbia, lazima aukaze. Basi akinidaka naulegeza mkono kama uliokufa, na inauma kweli, nisikudanganye. Akiachia, nainuka naondoka, dakika moja au mbili simtazami. Halafu nikamtengenezea mawindo yake: kitambaa cha kitenge kwenye ncha ya kamba ndefu, meno yabaki mbali na ngozi. Kila jioni tunacheza dakika 10, mwisho anaachiwa akikamate, kisha anapewa dagaa wake. Ukimpapasa ukaona mkia unapigapiga mkeka na masikio yamelala nyuma, ondoa mkono polepole. Ameshakuambia.

Wagumu zaidi ni watu. Mama mkwe alikuja kutoka Newala, akakaa barazani anamchezeshea vidole vya miguu.

"Mama, samahani, tunamfundisha asing'ate."

"Paka naye anasoma? Haya, mwalimu."

Akaendelea. Kazi ya wiki 3 ikaharibika kwa siku 4.

Jambo moja halina mzaha: akitoboa ngozi, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali. Kichaa cha mbwa hata paka anaweza kuwa nacho, na dalili zikishaanza hakuna kupona. Kashata alichanjwa akiwa na miezi 3. Na paka mpole akigeuka ghafla kuwa mng'ataji, mpeleke kwa daktari wa mifugo, huenda kuna mahali panamuuma.

Imechukua miezi 2 na ushee. Jana nilikuwa nachambua mchele, akakidaka kidole gumba changu. Nikatulia. Akanitazama, meno yamegusa tu ngozi, akaachia, akaanza kukilamba.