Kabla hujanunua dozi nyingine ya UTI, soma yaliyonikuta

Juzi usiku dada mmoja kanitumia meseji WhatsApp, "Dada, mwenzio nina UTI sugu mwaka wa pili huu, nitajie dawa iliyokuponesha." Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana hilo neno UTI sugu, yaani maambukizi ya njia ya mkojo yasiyokoma, nimelibeba miezi saba kama jina langu la ubini.

Ilianza na homa tu. Homa na viungo kuuma, zahanati ya mtaani wakapima malaria hakuna, wakasema basi tupime mkojo. Dakika ishirini jibu limetoka, mkojo mchafu, nikapewa sipro, antibayotiki. Nikapona, au tuseme homa iliisha, na homa nyingi zinaisha zenyewe hata ukinywa chai ya tangawizi. Wiki tatu mbele nikaanza kusikia moto nikienda haja ndogo, nikapima, UTI tena, safari hii sindano asubuhi na jioni mpaka kukaa nikawa nakaa upande. Mara ya tatu sikupima hata, nilienda duka la dawa nikataja ninachotaka kama naagiza chipsi. Ya nne naona aibu kuisimulia.

Na nyumbani maneno yakaanza. Mama mkwe anasema ni vyoo vya kazini. Mume wangu hasemi kitu, ila siku moja akauliza kwa upole, ule upole unaochoma, "hivi hii kitu huwa inaambukizwaje?" Sijasahau mpaka leo. Jamani UTI siyo ugonjwa wa zinaa, na choo cha kazini hakikurukii. Bakteria wanaoileta, hasa huyu E. coli, wengi wanatoka kwenye utumbo wako mwenyewe, wanahama kutoka nyuma kuja mbele, na sisi wanawake mrija wa mkojo ni mfupi, kama sentimita 4, wa mwanaume unakaribia 20. Tendo la ndoa linaweza kuwasukuma ndani, sawa, lakini hata na mume wako wa pete.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa maabara kwenye hospitali kubwa. Nimempa kichupa changu, akauliza, "Mwanangu, huu umeukinga saa ngapi?" Saa kumi na moja alfajiri. Hapo ni saa tano kasoro, na kichupa chenyewe kilikuwa cha asali, nimekisuuza, kikapanda na mimi daladala toka Mbagala, joto, foleni. Akakitazama, akakitupa. "Humo ndani sasa hivi kuna mji." Kumbe bakteria kwenye joto wanaweza kuongezeka maradufu kila dakika ishirini hivi!

Akanipa kikopo kipya na maelekezo ambayo miezi saba yote hakuna aliyewahi kunipa: nawa mikono, jisafishe kwa maji mbele kwenda nyuma, jitanue, mkojo wa kwanza uachie chooni, kinga wa katikati, usiguse ndani ya kikopo, ulete hapohapo. Ukaoteshwa, yaani ukawekwa maabara kuona kama kuna bakteria watakaoota na ni yupi. Siku ya tatu jibu, hakuna kilichoota. Daktari ndo akanipima chini, akakuta fangasi. Zile antibayotiki zilikuwa zimeua bakteria wazuri wa ukeni, fangasi wakajaa, moto ule ulikuwa mkojo kupita kwenye ngozi iliyochubuka, na ute ulikuwa unadondokea kikoponi ndo huo "mkojo mchafu". Yaani nilikuwa nanunua ugonjwa kwa hela yangu.

Sasa nisikilize. Kama unakwenda chooni kila baada ya dakika kumi, yanatoka matone, yanaunguza, na huna muwasho wala ute, hiyo inaweza kuwa UTI kweli, usikae nayo. Homa kali, kutetemeka, kutapika, maumivu ubavuni, nenda hospitali leo maana hapo figo ziko hatarini. Mjamzito usijitibu hata siku moja, na wadudu wakiota kwenye mkojo wako unatibiwa hata kama husikii chochote. Ila ikijirudia, dai kuoteshwa. DAI. Ni ghali zaidi ya kipimo cha dakika ishirini, najua, lakini jumlisha dozi zangu nne uniambie.

Mwezi uliopita nimepata ya kweli. Nikaotesha kwanza, akaota E. coli, sipro haimgusi, nitrofurantoini inamuua, nikameza siku tano nikamaliza. Kumbe sugu ni mdudu, siyo mimi, na ule usugu labda nimemfundisha mwenyewe.

Hayo yote nilimwandikia yule dada, nikamalizia na swali moja tu, umewahi kuoteshwa mkojo? Tiki za bluu. Kimya kidogo. Halafu, "Sawa dada, ila nitajie tu dawa."