Kabla hujatuma arbuni ya chumba Ukerewe

Mwaka juzi nilituma shilingi 60,000 kwa gesti moja ndogo kule Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, nusu ya bei ya chumba kwa siku mbili. Mwenyewe akajibu neno moja: "Imefika." Jumamosi asubuhi tuko bandarini Mwanza na mifuko yetu, mama amejifunga kanga kichwani kwa upepo, tukatangaziwa kwamba meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, haing'oi nanga, ziwa limechafuka. Nikapiga simu kuomba tusogeze tarehe. "Arbuni hairudi, dada, na wiki ijayo pamejaa."

Niliumia sana. Nilipofungua simu kutafuta tulikubaliana nini, nikakuta ujumbe wa muamala na lile neno "Imefika", basi.

Kilichonitisha zaidi ni abiria wawili pembeni yetu, walioanza kuulizia mtumbwi wa injini ili pesa yao ya chumba isipotee. Kwenye ziwa hili! Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 200 wakafa. Mtu asifike mahali pa kupima roho yake na arbuni. Ndiyo maana siku hizi swali langu la kwanza kwa mwenye gesti ni hili: meli ikizuiwa na hali ya hewa, pesa yangu inakuwaje?

Uliza kwa undani, maana Ukerewe kuna njia nyingine: unazunguka kwa gari hadi Bunda, unashuka Kisorya, unavuka kwa kivuko hadi Rugezi. Mwenye gesti anaweza kukwambia ungepita huko, na ana hoja. Mkubaliane mapema kama ni meli ya Mwanza tu inayohesabika, au mpaka kivuko nacho kisimame.

Ukighairi mwenyewe ni habari nyingine. Gesti ya vyumba sita ikikuwekea kimoja, imewakataa wengine, na huenda sato wa chakula chako amenunuliwa tangu alfajiri. Nikighairi jana yake, sidai kitu. Nikighairi wiki moja kabla, naona haki nirudishiwe angalau nusu, makato ya kutuma yawe juu yangu.

Haya yote nayaandika kabla ya kutuma hata senti. Mara ya mwisho niliandika hivi: "Shikamoo mama. Naomba chumba kimoja, Ijumaa na Jumamosi. Nitatuma 60,000. Nikighairi siku saba kabla, nusu inarudi. Meli ya Mwanza ikizuiwa na hali ya hewa, tunasogeza tarehe ndani ya miezi mitatu bila nyongeza. Tumekubaliana?" Nikangoja jibu. Wakati wa kutuma, kabla ya kuweka namba ya siri, nikasoma jina lililotokea kwenye simu. Likiwa la mtu mwingine, piga simu uulize kwanza.

Siku mbili kabla ya safari nilifuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, nikaona tahadhari ya upepo mkali na mawimbi ziwani. Nikampigia mama wa gesti siku hiyohiyo.

"Hata mimi naliona kutoka hapa mlangoni," akasema. "Kaeni huko huko mwanangu. Likitulia mje, chumba chenu kipo."

Tulikwenda wiki mbili baadaye, na nilimalizia ile 60,000 iliyobaki mkononi mwake.