Kiporo hiki kiliwe au kimwagwe? Majibu ya maswali yenu

Maswali mliyotuma safari hii yametoka kwa watu wa aina mbili: wanaomwaga chakula kizima kwa hofu, na wanaokula kibovu kwa sababu hakinuki. Wote wanaitegemea pua. Pua inakamata kuchacha na kuvunda, basi. Bakteria wengi wanaoleta kutapika na kuhara hawabadilishi harufu wala ladha. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye maswali mawili: kilipikwa saa ngapi, na tangu hapo kimekaa wapi?

Asalaam aleikum. Mwezi wa Ramadhani futari ikibaki tunaifunika kwa kawa pale pale mezani, tunaila daku. Ni wali, maharage ya nazi na mihogo. Mwaka huu watoto wawili walitapika, na wali haukuwa umechacha. Kosa liko wapi? (Msomaji, Mbagala)

Waaleikum salaam. Tangu saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi alfajiri ni karibu saa kumi nzima. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, kama jikoni kwa Dar miezi ya Januari hadi Machi, ni saa moja tu. Kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria wanazaliana kwa raha, na meza yenu usiku iko katikati kabisa ya hapo.

Wali una tatizo lake. Mchele mbichi hubeba bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye hutengeneza mbegu ngumu zisizokufa kwa kuchemka. Wali ukipoa polepole, mbegu zinaamka na bakteria wanatoa sumu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto, hata wali uive upya mpaka ukoko. Anayeila hutapika ndani ya nusu saa hadi saa sita. Hatuwezi kuwapima watoto wako kwa barua, lakini mazingira yanalingana.

Dawa yake ni kutenga daku kabla ya kupakua futari, siyo kuokota kilichobaki baada ya mikono na vijiko kupita. Wali wa daku umwagie kwenye sinia, uutandaze unene usiozidi vidole viwili au vitatu, uache mvuke utoke. Ndani ya nusu saa utakuwa umepoa vya kutosha kuingia kwenye kopo lenye mfuniko, kisha friji. Usiingize sufuria nzima ya moto: katikati yake itabaki vuguvugu usiku kucha, na itapasha maziwa yaliyo jirani.

Maharage yana siri nyingine. Tui zito, lile la mkamuo wa kwanza, wapishi wengi hulitia mwisho na kuliacha lichemke kidogo tu lisikatike. Limekamuliwa kwa mkono, lina mafuta na sukari yake, na halikupata moto wa kutosha, kwa hiyo ndilo linalochacha mwanzo. Toa maharage ya daku yakiwa bado hayana tui zito. Weka sufuria ndogo ndani ya beseni la maji baridi, koroga, badilisha maji mara mbili, kisha friji. Tui lake ligandishe kwenye friza, ulitie alfajiri wakati wa kupasha. Kupasha maana yake kichemke mpaka katikati, mvuke utoke kote. Pasha mara moja tu. Kilichobaki daku kimwagwe.

Wali wa friji ule ndani ya siku moja. Maharage, mchuzi na nyama, siku tatu. Na mtoto akitapika, maji ya chumvichumvi ya ORS mapema. Akishindwa kunywa, akilegea au akitoa damu, hospitali bila kusubiri.

Sisi hatuna friji. Mboga tunachemsha usiku na asubuhi isichache. Inafaa? (Baba wa watu wanne, Tandale)

Kuchemsha kunaua bakteria walio hai. Hakuondoi sumu waliyokwisha kuiacha, na mbegu zao zinabaki zikingoja sufuria ipoe. Kwa hiyo mboga haitachacha, lakini usalama wake haujulikani. Kama hakuna friji, punguza kipimo: mchele robo kilo unatosha watu wazima wawili wenye njaa, kilo moja inalisha wanane, na unga wa ugali kilo moja ni watu sita hadi wanane. Hotpoti husaidia kama utaisuuza kwa maji ya moto kwanza, ukajaza chakula kinachotoa mvuke na usiifungue fungue. Ukiifungua baadaye na mvuke hautoki, hesabu ya saa mbili imeshaanza. Vinavyovumilia kulala nje ni vile vikavu: mkate, chapati zisizo na mchuzi, maandazi.

Umeme ulikatika kutwa nzima. Friza ina kuku, samaki na nyama ya kilo nne. Nimwage vyote? (Mama ntilie, Tabata)

Hapana, mama, kagua kwanza. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika baridi yake kama siku mbili. Iliyojaa nusu, siku moja. Friji ya kawaida ni muda wa saa nne tu. Hesabu hizo ni za mlango uliofungwa na mpira mzima. Jaribu wako: bana noti katikati ya mlango na fremu, kisha ivute. Ikiteleza bila kukaza, mpira umechoka, na hiyo friza haitakufikisha huko.

Nyama ambayo bado ina chembe za barafu ndani, au baridi yake ni ya friji, irudishe igande au uipike leo. Itapungua utamu kwa sababu maji yanatoka, lakini haina madhara. Iliyolainika na kukaa vuguvugu zaidi ya saa mbili, mwaga. Vya friji vinavyotupwa baada ya saa nne ni nyama, samaki, maziwa, vyakula vilivyopikwa. Siagi, jamu, tomato sosi, matunda mazima na mboga mbichi nzima havina neno.

Kwa safari ijayo, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu ya shilingi mia mbili juu ya barafu, ukiache humo friza. Ukirudi ukakuta sarafu imezama chini, barafu iliyeyuka yote ikaganda tena ukiwa haupo. Na friza yenye nafasi ijaze chupa za maji: barafu nyingi ndiyo inayoshika baridi.

Jambo moja linalokosewa sana: kwenye friji nyingi namba kubwa ya kile kitufe cha kuzungusha ni baridi zaidi, siyo joto zaidi. Unatafuta nyuzi joto 4 au chini yake kwenye friji, na 18 chini ya sifuri kwenye friza.

Nilinunua vibua asubuhi, nikavipika saa kumi jioni. Vilikuwa na ladha ya kuwasha kama pilipili. Dakika chache baadaye uso ukawa mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Ni mzio? (Kigamboni)

Unafanana na mzio, lakini dalili hizo zinaelekea zaidi kwenye sumu iitwayo histamini. Vibua, jodari na samaki wengine wa jamii yao wana kemikali kwenye nyama ambayo bakteria huigeuza kuwa histamini samaki anapokaa kwenye joto. Kuanzia asubuhi hadi saa kumi bila barafu ni muda mrefu mno. Ikishajitengeneza haitoki: si kwa kukaanga, si kwa kugandisha, na yale maji ya limau na chumvi tunayooshea yanaondoa shombo tu. Samaki anaweza kunukia vizuri kabisa. Ukionja ukahisi mdomo unawasha, tema, usimalize kwa kuwa "hela imeshatoka". Ukibanwa pumzi au midomo ikivimba, nenda hospitali. Hapo hakuna muda wa kubishana kama ni mzio au la.

Ukienda soko la samaki la Feri nenda na ndoo yenye mfuniko, na barafu uzito sawa na wa samaki. Chagua mwenye macho yaliyojaa na kung'aa, mashavu mekundu ndani, na nyama inayorudi ukiibonyeza kwa kidole. Toa matumbo ukifika, osha, pika siku hiyo au kesho yake. Zaidi ya hapo, friza.

Tarehe ikipita ndiyo kimeharibika? Nina tambi, maziwa ya boksi na biskuti. (Sinza)

Angalia herufi kabla ya tarehe. BB ni tarehe ya ubora: baada ya hapo tambi, chumvi, mchele au biskuti huenda zikapungua ladha, hazigeuki sumu. Kama pakiti ni kavu na haijatoboka, onja ule. EXP, yaani mwisho wa kutumika, kwenye maziwa, nyama, mtindi na hasa maziwa ya mtoto mchanga usiipite hata siku moja. Ukiona tarehe inakaribia na kitu kinagandishika, kigandishe kabla haijafika. Dukani ni habari nyingine: bidhaa iliyopita muda haipaswi kuuzwa, na tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), wapeleke huko malalamiko.

Tarehe yoyote inahesabu kifungashio ambacho hakijafunguliwa. Boksi la maziwa likishafunguliwa una siku tatu au nne ndani ya friji. Nyanya ya kopo ihamishie kwenye chupa ya kioo, siku tano. Kopo lililovimba usilifungue kabisa, hata "kuangalia tu".

Mkate umeota ukungu pembeni. Nikate nile uliobaki? (Kimara)

Hapana. Kwenye mkate ukungu hupenya mbali kuliko unavyoonekana. Tupa mfuko wote na usiunuse. Vivyo hivyo nyanya, jamu, matunda laini na chakula kilichopikwa. Karoti, kabichi na vitu vigumu vya namna hiyo unaweza kukata sentimita mbili na nusu kuzunguka doa, kisu kisiguse ukungu. Mkate usioisha ugandishe ukiwa vipande, utoe kimoja kimoja.

Unga wa dona umeingia wadudu, na karanga nyingine zimesinyaa. Je, nichekeche? (Ilala)

Wadudu na ukungu ni kesi mbili. Unga wenye wadudu chekecha, funga kwenye mfuko, weka friza siku nne. Mayai yao yanakufa. Ukinusa na kukuta harufu ya mafuta ya zamani au uchungu, mafuta ya dona yameharibika: lina kiini cha mahindi, na kiini kina mafuta. Sembe huvumilia zaidi kwa sababu kiini kimetolewa. Nunua dona la kutosha wiki mbili, si la miezi miwili.

Karanga ni kesi nzito. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu huenda zina sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, na sumu hiyo haiishi kwa kukaanga wala kuchemsha. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu. Mwaga zote ulizozitilia shaka, na usiwape kuku: ni njia nyingine tu ya kuirudisha mezani. Karanga za kusaga nunua nzima, uchambue mwenyewe, ndipo utwange. Za unga tayari huwezi kujua zilikuwaje kabla ya kinu.

Nikitoka genge na mboga, siku ya pili nusu yake imeoza. (Mwananyamala)

Dada, mara nyingi chanzo ni kuosha kabla ya kuhifadhi. Mchicha ulioloa huoza kuanzia katikati ya fungu. Legeza kamba, toa majani ya manjano, kata mizizi, funga kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, weka friji: siku mbili hadi tatu. Ukiona hutaupika, uchemshe dakika mbili, utie maji baridi, ukamue, ugandishe tonge moja moja.

Nyanya zipange kikonyo kikiangalia chini, zisipandane. Zilizobonyea zipike jioni hiyo hiyo na chumvi kidogo, zigandishe. Vitunguu na viazi visikae kapu moja: kila kimoja huharakisha kingine kuoza au kuchipua. Viazi viweke gizani, kwa sababu mwanga huvifanya kijani, na ile kijani ni dalili ya sumu isiyoisha kwa kuchemsha. Kilichogeuka kidogo kata kwa kina. Kilichogeuka chote au kichungu, tupa. Na ndizi mbivu zitenge: hewa inayotoka kwenye ndizi inaivisha kila kitu jirani.

Yai likielea ni bovu? (Temeke)

Ni zee. Lipasue kwenye kikombe peke yake. Likinuka tupa, lisiponuka lipike mpaka kiini kigande. Yai linalozama linaweza kuwa na bakteria wa salmonela pia, kwa hiyo kupika ni kule kule. Usioshe trei nzima. Liko jipya au zee, lioshe dakika unayolipasua.

Nasaga saumu na tangawizi na mafuta, naweka chupa ya mwezi mzima. (Kinondoni)

Mafuta yanazuia hewa, saumu haina asidi ya kutosha, na humo ndimo anapopenda bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu inayopoozesha mwili. Friji siku nne, basi. Iliyobaki igandishe kwenye trei ya barafu, kisha vipande uvihamishie mfukoni. Kipande kimoja kinatosha sufuria ya maharage ya watu wanne.