Yasiyosomwa kwenye wasifu wa marehemu

Ukoo wetu una Waislamu na Wakristo, na akifariki mtu, kazi ya kuandika wasifu wake huniangukia mimi. Mpangilio nimeshauzoea: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliajiriwa wapi, ameacha watoto wangapi, aliugua nini. Ukurasa mmoja unasomwa kwenye kipaza sauti, watu wanatikisa vichwa. Ukienda uani, kwa akina mama wanaomenya vitunguu na wazee waliokaa mkekani, unasikia wasifu mwingine kabisa. Huko hakuna anayetaja cheti.

Mjomba wangu wa Muheza alikuwa mfanyabiashara wa machungwa. Msimu ukifika alizunguka mashambani, akinunua matunda yangali mtini, kisha anapakia lori la Dar es Salaam. Biashara hiyo aliiendesha kwa mali kauli: mkulima anakupa mzigo leo, pesa utaleta ukishauza. Hapo ndipo wengi hugombana. Mjomba alikuwa na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, na kila baada ya swala ya isha aliandika jina la mkulima, idadi ya magunia na kiasi anachodaiwa. Akilipa, anapiga mstari. Kuna msimu lori liliharibika njiani, mzigo ukaoza. Aliuza ng'ombe wake, mistari ikapigwa vilevile.

Siku ya maziko, kabla ya swala ya jeneza, binamu yangu alisimama akatangaza kama ilivyo desturi: anayemdai marehemu ajitokeze, deni ni letu. Mzee mmoja akanyoosha mkono. Akasema hadai, anadaiwa. Alikopeshwa pesa ya sare za mjukuu wake na hajawahi kukumbushwa.

Lakini mkekani hawafichi kitu. Mjomba alikuwa mkali, mkali wa kutisha. Watoto wake sasa ni watu wazima wenye wajukuu, na mpaka leo wakikaa kula hawaongei. Sinia linakwisha kimya. Huo nao ni urithi aliouacha, tena bila kuuandikia wosia.

Nimefikia kuamini kwamba kinachobaki ni kile mtu alichokirudia. Michango mikubwa ya harusi na hotuba za kwenye vikao husahaulika upesi mno. Hata kwa watu mashuhuri ni hivyo. Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akiwahimiza wanawake wa vijijini Kenya waoteshe miche na kuipanda, kazi iliyomfikisha kwenye Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Alipofariki Septemba 2011, jeneza lake lilitengenezwa kwa magugu maji, mafunjo na mianzi, maana hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu.

Ukitaka kujua wewe unarudia nini, usijiulize mwenyewe, utajipendelea. Waangalie watoto wa nyumbani kwako wanapocheza baba na mama. Anayejifanya wewe anaingiaje ndani? Anasalimia kwanza, au anauliza chakula kwa ukali? Anashika simu? Watoto hawana adabu ya kukusitiri. Chagua jambo moja katika hayo ulibadilishe, moja tu. Na dada wa kazi usimsahau. Akiondoka kwako anakwenda kukusimulia kijiji kizima.

Halafu kuna makaratasi, ambayo watu wengi huyaogopa kama uchuro. Kwa sisi Waislamu, madeni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa, na wosia hauzidi theluthi ya mali. Kwa Tanzania, RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanasaidia kuandika wosia na kuutunza, uwe wa dini yoyote. Ila deni dogo dogo la kila siku halimo humo. Daftari la mjomba tulilipata chini ya godoro kwa sababu mkewe alijua linakokaa, na ndani yake kulikuwa na wakulima wawili ambao hawakujitokeza siku ile. Tuliwalipa. Kwa hiyo mwoneshe mtu mmoja nyumbani daftari lako liko wapi. Na kama madeni yako unayaandika kwenye simu, yahamishie kwenye karatasi, kwa sababu simu ya marehemu siku zote huwa imefungwa kwa namba ya siri asiyoijua mtu.