Ubao unasoma sare: ushauri kwa mwanafunzi mgeni wa futiboli ya vyuo Marekani

Kama umeingia chuo cha Marekani muhula huu na wenzako wa bwenini wanakuvuta uwanjani kila Jumamosi, ipo siku robo nne zitakwisha na ubao bado unasoma sare. Hapo ndipo wengi wetu tuliokulia kwenye soka hupotea. Tunasubiri dakika 30 za nyongeza, nazo hazipo. Saa ya mchezo inazimwa kabisa; inabaki ile saa ndogo ya kuihimiza timu ianzishe mpira. Ukitaka mfano, fikiria mikwaju ya penalti: huyu anapiga, yule anajibu.

Katika raundi ya kwanza, kila timu inapewa zamu moja kuanzia yadi ya 25 ya mpinzani, kama mita 23 kutoka mstari wa goli. Ina nafasi 4 (kila nafasi huitwa mchezo mmoja) za kusogea yadi 10, kama siku zote. Zamu inaisha kwa tachidauni (kuuvusha mpira mstari wa goli, pointi 6, kisha teke la ziada la 1), kwa teke la pointi 3 kati ya nguzo, kwa kushindwa kusogea au kwa kupoteza mpira. Hilo la mwisho ndilo la kuogopa: anayezuia akiunasa mpira na kukimbia nao mpaka ng'ambo ya pili, mechi imekwisha papo hapo, hata kama timu yake ilikuwa haijapata zamu.

Usishangilie sana pointi 3. Hata timu isiposogea hatua moja, teke kutoka pale lina yadi 42 hivi, na wapigaji wengi wa vyuo vikubwa wanaliweza.

Swali la kujiuliza refa anaporusha sarafu ni moja: nani anaanza? Utaona kapteni aliyeshinda karibu kila mara anachagua kuzuia kwanza, na mgeni hushangaa kwa nini mtu akatae mpira. Sababu ni kwamba wa pili anacheza akijua hesabu. Mwenzake akitoka mikono mitupu, teke tu linatosha. Akipata 3, wa pili anajua 3 zinamweka hai na tachidauni inamaliza kazi. Akipata 7, basi nafasi ya nne haipigiwi teke, wanakwenda kwa nguvu zote.

Fainali ya kitaifa ya Januari 2018 inaonyesha jambo hilo vizuri. Georgia walianza, wakapata 3 kwa teke la yadi 51. Alabama, kwenye mchezo wao wa kwanza, mrushaji wao Tua Tagovailoa akaangushwa na kupoteza yadi 16. Mchezo uliofuata alirusha mpira wa yadi 41 kwa DeVonta Smith: 26 kwa 23, kombe likaondoka. Mwaka 2007 kwenye Fiesta Bowl, moja ya mechi kubwa za mwisho wa msimu, Boise State walicheza wa pili na walikuwa nyuma ya Oklahoma kwa 7. Wakapata tachidauni, na badala ya teke la pointi 1 ili wasawazishe, wakaenda jaribio la pointi 2, yaani mchezo mmoja wa kuuvusha mpira tena, na kushinda 43 kwa 42. Uamuzi kama ule anaufanya wa pili tu. Ndiyo maana, sare ikiendelea, raundi ya pili haki ya kuchagua kwanza inahamia kwa yule aliyeshindwa sarafu.

Raundi hiyo ya pili bado inaanzia yadi ya 25, ila ukipata tachidauni ni lazima ujaribu pointi 2; teke la pointi 1 limeondolewa. Kuanzia raundi ya tatu mambo yanabadilika kabisa. Kila timu inapewa mchezo mmoja tu kutoka yadi ya 3, ukifika unapata 2, usipofika hupati kitu, mpaka mmoja apate na mwingine akose.

Utaratibu huu ni wa mwaka 2021. Kabla ya 1996 mechi za ligi za vyuo vikubwa ziliishia sare tu, kama ile maarufu ya Notre Dame na Michigan State, 10 kwa 10, mwaka 1966. Kisha mwaka 2018 Texas A&M wakawafunga LSU 74 kwa 72 katika raundi 7, wachezaji hoi, na sheria zikaanza kukazwa ili idadi ya michezo ndani ya mechi moja ipungue. Kwa hiyo ukijifunza kwa video, tazama mwaka kwanza. La sivyo utabishana na watu bure. Mimi binafsi naona raundi ya tatu imepoteza ladha. Oktoba 2021 Illinois na Penn State walikwenda raundi 9, na raundi tano mfululizo hakuna aliyeweza kuvuka hizo yadi 3. Illinois wakashinda 20 kwa 18. Lakini Georgia na Georgia Tech walipofika raundi 8 mwaka 2024, 44 kwa 42, hakuna aliyekaa kitini.

Ya Jumapili, NFL, ligi ya wachezaji wa kulipwa, usiichanganye na hii: kule saa inaendelea, mpira unaanza kwa teke la kuanzia, na mechi ya msimu wa kawaida inaweza kuisha sare.

Na jambo la tiketi: ndani ya raundi, timu zote mbili zinashambulia upande mmoja wa uwanja. Kama umekaa upande ule mwingine, tazama skrini kubwa.