TSH kuwa sawa isikufanye uliache hilo jicho

Mkuu, hiyo chupa ya nne ya matone ya macho usiinunue. Umesema jicho la kulia la shemeji limetokeza kwa mwezi wa nne sasa, ni jekundu, kope la juu limepanda mpaka weupe unaonekana juu ya mboni. TSH, kipimo cha damu cha tezi ya shingoni, imetoka 1.8, yaani sawa, mkaambiwa tezi haihusiki, ni aleji tu. Sasa unauliza kama aendelee na matone ya deksamethasoni, ambayo ni steroidi. Naanza na hayo matone, maana hapo ndipo watu wanapopotezea macho.

Aleji inawasha, na mara nyingi inashika macho yote mawili. Haivuti kope juu, wala haisukumi jicho mbele. Mtu mzima akiwa na dalili hizo mbili, cha kwanza kushukiwa ni ugonjwa wa macho wa tezi, hata likiwa jicho moja, hata homoni zikiwa sawa. Wagonjwa wa aina hiyo wapo, karibu 5 hadi 10 katika kila 100 wa ugonjwa huu, ambao tezi yao haifanyi kazi kupita kiasi. Na kwao kuanza na jicho moja ni kawaida zaidi kuliko kwa wengine.

Sababu yake ni hii. TSH inapima tezi inavyofanya kazi. Macho yanaharibiwa na kingamwili, na kingamwili hizo zinashika vipokezi vilivyoko kwenye tezi na pia kwenye nyama na mafuta ya nyuma ya jicho. Huko nyuma zinaweza kuwa zinachoma wakati tezi bado imetulia. Misuli inanenepa, mafuta yanavimba, na tundu la jicho ni mfupa, halitanuki. Jicho linasukumwa nje.

Tone la steroidi linaishia mbele ya jicho, uvimbe uko nyuma. Wekundu unapungua siku mbili tatu, unaamini dawa imekubali, unarudi famasi. Wiki zikipita, presha ya jicho inapanda kimyakimya, na matumizi ya muda mrefu yanaleta mtoto wa jicho. Inaniuma kuliona kosa hili, kwa sababu jibu la "homoni ziko sawa, endelea na matone" nami nililipewa na nikalitii miezi. Anayeuza steroidi ya macho chupa baada ya chupa bila kumpima mtu presha ya jicho anafanya ubaya, hata kama ana nia njema.

Sasa mpeleke kliniki ya macho ya hospitali ya rufaa, na chupa zote mkononi. Omba vitu vitatu: presha ya jicho, kipimo cha damu cha TRAb (kinachotafuta hizo kingamwili), na CT-skani ya matundu ya macho. Kama anakunywa vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, aviache siku mbili au tatu kabla ya kutoa damu, vinavuruga majibu. TRAb ikitoka hasi usirudi nyumbani umetulia. Kwa wenye homoni sawa inaweza kuwa chini sana au isionekane kabisa. Hapo CT ndiyo inayosema: misuli imenenepa katikati, lakini pale inaposhikana na jicho imebaki nyembamba. Mara nyingi wa chini na wa upande wa pua ndiyo inayotangulia. Uliza kama picha inaweza kupigwa bila dawa ya kung'arisha, kwa sababu ile ina iodini nyingi na inaweza kuichokoza tezi. Picha hiyohiyo itaonyesha kama ni uvimbe wa aina nyingine.

Akitokea mtu wa kumpa kabimazoli, dawa ya kushusha homoni za tezi, "kwa tahadhari", kataeni. Homoni zake ziko sawa. Itazishusha, na upungufu nao unachochea macho. Badala yake arudie TSH kila miezi mitatu kwa mwanzo, maana tezi inaweza kubadilika baadaye.

Usiku akilala, mmulike kwa tochi pembeni. Ukiona mstari mweupe kati ya kope, jicho halifungi na linakauka: apake mafuta ya macho kabla ya kulala, na mchana atumie machozi ya bandia yasiyo na steroidi. Kama kuna mvuta sigara ndani ya nyumba, akavutie mbali. Yeye mwenyewe kama anavuta, aache leo.

Jaribu na hili usiku huuhuu. Chukua kizibo chekundu cha soda, afunike jicho moja akiangalie, kisha abadilishe. Jicho moja likiona wekundu umepauka kama tofali, au uono umepungua, mshipa wa fahamu wa jicho unabanwa. Usisubiri Jumatatu, nendeni saa hiyohiyo. Hapo anahitaji steroidi ya mshipani akiwa chini ya daktari, na isipokubali, upasuaji wa kulipatia jicho nafasi.