"Kama mwendeshaji" au "nikiwa mwendeshaji"?

SWALI: Mwalimu, timu yetu inatengeneza mfumo wa kudhibiti pampu za maji, mitambo na programu kwa pamoja, kwa mtindo wa ajaili (agile), yaani kazi hujengwa kwa hatua fupifupi na kurekebishwa njiani. Mahitaji tunayaandika kwenye kadi fupi za Kiswahili. Kadi moja inasema: "Kama mwendeshaji, nataka kuona presha ya maji ili nitaweza kuzima pampu." Mwenzetu anadai ina makosa. Je, ni kweli? Na kwenye waraka wa mahitaji, tuandike "mfumo utazima" au "mfumo uzime"?

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzenu yuko sahihi, na makosa ni mawili.

Kiunzi cha kadi hizo kilianzia katika kampuni ya Connextra ya Uingereza mwaka 2001, na kilipoingia kwetu kiliingia na Kiingereza chake: "As a…" ikageuzwa "Kama…". "Kama" ya Kiswahili hulinganisha: analia kama mtoto, maana yake si mtoto. Pia huweka sharti: kama unakuja, niambie. Kumpa mtu cheo si kazi yake, ingawa siku hizi tunasikia "aliteuliwa kama waziri" pale panapostahili "kuwa waziri". Andikeni "Nikiwa mwendeshaji, nataka…" au, kwa ufupi zaidi, "Mimi mwendeshaji nataka…". Mtu anaweza kusema kwamba "nikiwa" nayo ina harufu ya sharti. Ni kweli, lakini hapa haidhuru, kwani kadi inamhusu yeyote atakayeshika nafasi hiyo.

Kosa la pili ni "ili nitaweza". "Ili" hufuatwa na dhamira tegemezi, yaani umbo la kitenzi la kueleza lengo au agizo: ili niweze. Hapo jiulizeni jambo la kiufundi pia. "Ili niweze kuizima" inadai mtu apewe swichi, azime au asizime kwa hiari yake. "Ili niizime kabla bomba halijapasuka" inataja tendo lenyewe na sababu yake, na inawaachia wahandisi nafasi ya kufikiri: je, mwendeshaji aizime kwa mkono, au mfumo umsaidie? Mimi ningechagua sentensi hii ya pili. Ilani ya Ajaili, tamko la misingi ya mtindo huo lililoandikwa na watu 17 huko Snowbird, Utah, mwaka huohuo wa 2001, ina kanuni 12, na mojawapo inasema njia bora ya kupashana habari ndani ya timu ni mazungumzo ya ana kwa ana. Kadi nzuri huanzisha mazungumzo hayo.

Waraka wa mahitaji ni jambo jingine, maana huko kila sentensi itakuja kupimwa. "Mfumo utazima pampu" ni utabiri. Msomaji anaweza kuuchukua kama maelezo ya mambo yatakayotokea. "Mfumo uzime pampu" ni agizo, na ndilo mnalolitaka. Katazo lake ni "mfumo usizime pampu".

Ila kitenzi "zima" kina mtego. Tunasema "zima taa", na tunasema "taa imezima". Kwa hiyo "presha ikizidi kikomo, mfumo uzime" huweza kusomeka kwamba mfumo wenyewe ndio uzimike, na mfumo wa udhibiti uliozimika wakati presha inapanda ni hatari. Tieni kiambishi cha mtendwa: "mfumo uizime pampu". Silabi moja, utata umekwisha. Iepukeni pia "pampu izimwe", kwa sababu haisemi inazimwa na nani. Katika kazi inayogawanywa kati ya watu wa mitambo na watu wa programu, sentensi isiyo na mtenda huwa haina mwenyewe: kila upande hudhani upande wa pili umeibeba.

Hukuuliza, lakini kwenye mikutano yenu mifupi ya kila siku chungeni sana "nimejaribu". Mmoja akisema "nimejaribu kihisi cha presha", wenzake hawajui kama amekipima kikafanya kazi, au amehangaika nacho kikamshinda. Kwa la kwanza aseme "nimekipima" au "nimekifanyia majaribio", ataje na matokeo. Kwa la pili aseme wazi "sijafanikiwa", apate msaada siku hiyohiyo.